Kutumia insulini mchanganyiko kwa usalama nyumbani: mwongozo kwa wagonjwa wa kisukari na jamaa zao mjini Goma

Insulini mchanganyiko ni dawa mbili zilizowekwa ndani ya kichupa kimoja. Katika ile iliyoenea zaidi, ambayo lebo yake huandikwa 30/70, sehemu 30 kati ya 100 ni insulini ya haraka, inayoanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, na sehemu 70 ni insulini ya polepole iitwayo NPH, ambayo huingia damuni kidogo kidogo na kuendelea kushusha sukari kwa saa nyingi. Ya kwanza inashughulikia chakula unachokwenda kula sasa hivi. Ya pili inashughulikia chakula cha mchana ambacho bado hakijapikwa. Anayelielewa jambo hilo moja ameshaelewa sababu ya karibu kila agizo litakalofuata: kwa nini kichupa lazima kichanganywe, kwa nini saa lazima iheshimiwe, na kwa nini insulini hii, ikishaingia mwilini, haiwezi kungojea chakula kinachochelewa.

Ninaandika nikiwa muuguzi ambaye amewafundisha wagonjwa wengi wa mji huu kujichoma wenyewe, na nimeona kwamba ajali nyingi hutokana na mambo madogo ya nyumbani. Jambo moja halimo katika mwongozo huu, nalo ni kiasi cha dozi. Idadi ya uniti za asubuhi na za jioni hupangwa na daktari anayekufuata, kwa kuangalia uzito wako, figo zako, kazi unayofanya na glisemi zako, yaani vipimo vya sukari ya damu, na dozi ya jirani, hata kama mna umri mmoja na ugonjwa mmoja, inaweza kukuua.

Hatua ya kwanza: soma lebo, usiamini rangi

Kila unapopokea kichupa kipya, iwe kwenye kituo cha afya au kwenye farmasi, kisome kabla ya kuondoka mahali hapo. Wagonjwa wengi wameambiwa kwamba insulini yao ni ile nyeupe kama maziwa, na maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, kwa sababu NPH peke yake nayo ni nyeupe kama maziwa, na kwa macho tu hakuna awezaye kuzitofautisha. Mgonjwa aliyezoea 30/70 akipewa NPH kwa makosa atakosa ile sehemu ya haraka, na sukari yake itapanda baada ya kila mlo bila yeye kujua sababu. Akipewa ile ya haraka pekee, ambayo ni angavu kama maji, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa dozi yote itafanya kazi kwa mara moja. Tafuta kwenye lebo maandishi 30/70 au 70/30. Watengenezaji hawafuati mpangilio mmoja wa kuandika, lakini kwa insulini ya binadamu maandishi yote mawili yana maana ileile.

Tazama pia kama lebo inasema 100 UI/ml au 40 UI/ml, yaani uniti 100 au 40 katika kila ml moja, kwa sababu sirenge lazima ilingane na namba hiyo. Kichupa cha kawaida cha ml 10 chenye 100 UI/ml kina uniti 1,000 kwa jumla, na sirenge yake mara nyingi huwa na kifuniko cha rangi ya chungwa na imeandikwa U-100. Sirenge ya U-40 mara nyingi huwa na kifuniko chekundu. Ukiivuta insulini ya 100 kwa sirenge ya 40 hadi kwenye mstari wa 20, unajichoma uniti 50 badala ya 20, yaani mara mbili na nusu ya dozi uliyopangiwa. Kwenye sirenge ya U-100 yenyewe, hesabu mistari kwa utulivu: katika ile ya ml 1 kila mstari mdogo kwa kawaida ni uniti 2, ilhali katika ile ya nusu ml kila mstari ni uniti 1. Farmasi ikikosa sirenge uliyoizoea na kukupa nyingine, mwombe muuguzi akuonyeshe kwa kidole dozi yako inaishia kwenye mstari gani.

Hatua ya pili: changanya hadi chini pawe safi

Kichupa kikikaa wima usiku kucha, ile NPH hushuka chini na kutulia kama unga wa muhogo uliotiwa majini, na juu hubaki maji yanayokaribia kuwa angavu. Mama mmoja aliyeleta kichupa chake kwangu alikuwa akilalamika kwamba mwanzo wa mwezi sukari yake hushuka ghafla saa za asubuhi, na mwisho wa mwezi huchukua muda mrefu kushuka lakini humkamata usiku. Nilikiinua kichupa dirishani, nikamwonyesha: chini kulikuwa na tabaka nyeupe lenye unene wa kucha, limeganda pembeni, wala halikuguswa siku nyingi. Alikuwa akikigeuza mara moja tu na kuvuta. Kwa hiyo wiki za mwanzo alikuwa akijichoma zaidi ile ya haraka, na wiki za mwisho akibaki na ile nzito. Dawa ilikuwa ni ileile na mstari wa sirenge ulikuwa uleule, lakini kila wiki dozi ya kweli ilikuwa nyingine.

Nawa mikono kwa sabuni. Kama kichupa kimetoka kwenye baridi, kishike kiganjani dakika chache, kwa kuwa insulini baridi huchanganyika kwa shida na huuma ikichomwa. Kisha kilaze kati ya viganja viwili na kukiviringisha polepole mara 10, halafu kipindue juu chini, chini juu, mara nyingine 10, ukihesabu kwa sauti kama inakusaidia. Usikitikise kwa nguvu kama chupa ya dawa ya kikohozi, kwa sababu povu linaloingia kwenye sirenge huchukua nafasi ya dawa. Ukimaliza, inua kichupa kwenye mwanga na uangalie kitako chake. Kioevu chote kiwe na weupe mmoja, na kitako kisibakiwe na kitu. Kama bado kuna tabaka, endelea. Wanaotumia kalamu ya insulini badala ya sirenge wanahitaji uangalifu uleule, na hata zaidi, kwa kuwa mirija ya kalamu ni myembamba na dawa hushikamana humo.

Kama baada ya kuchanganya unaona madonge yanayoelea, au chembe nyeupe zilizoshika ukutani mwa kioo kama ukungu wa baridi, au rangi imegeuka kuwa ya manjano, dawa hiyo imeharibika na haifai kuchomwa, hata kama kichupa kimejaa na hata kama kilinunuliwa kwa shida.

Hatua ya tatu: vuta na choma

Futa mpira wa kichupa kwa pamba yenye alkoholi. Vuta hewa ndani ya sirenge hadi mstari wa dozi yako, choma mpira huku kichupa kikiwa kimesimama, sukuma hewa hiyo ndani, kisha pindua kichupa na uvute insulini. Ukiruka hatua ya hewa, baada ya siku kadhaa kichupa kitaanza kuinyonya sindano na utashindwa kupata dozi kamili. Viputo vikionekana, gongagonga sirenge kwa ukucha, virudishe ndani ya kichupa, uvute tena hadi mstari wako. Fanya hivyo mara tu baada ya kuchanganya, kwa sababu dawa hii huanza kutulia tena upesi.

Sehemu nzuri za kuchoma ni tumbo, kwa umbali wa vidole viwili au zaidi kutoka kitovuni, upande wa mbele na wa nje wa mapaja, na matako. Shika kinofu cha ngozi kwa vidole viwili, ingiza sindano, sukuma polepole, hesabu hadi 10, kisha toa na uachilie ngozi. Usisugue mahali hapo. Ngozi iliyooshwa kwa sabuni inatosha, na ukitumia alkoholi, iache ikauke kwanza.

Usichome mahali pamoja kila siku. Wengi hufanya hivyo kwa sababu sehemu iliyozoea haiumi, na kutouma huko ndiko mtego: ngozi imeota uvimbe laini wa mafuta, na insulini inayoingia humo hukaa kama maji kwenye tope, leo haitoki, kesho inatoka yote. Songa upana wa kidole kila mara. Chagua pia utaratibu, kwa mfano tumbo asubuhi na paja jioni, kwa kuwa tumboni insulini huingia damuni haraka kuliko pajani. Na kwa yule anayesukuma chukudu kutoka Kibumba na mzigo wa kabichi, au anayebeba magunia sokoni, asichome pajani asubuhi ya kazi. Misuli inayofanya kazi huivuta dawa upesi, huku kazi yenyewe ikiteketeza sukari.

Hatua ya nne: chakula kiwepo kabla ya sindano

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asome polepole. Insulini mchanganyiko ya binadamu huchomwa dakika 30 hivi kabla ya kula, kwa kawaida mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Zipo aina mpya zaidi zinazochomwa wakati wa kukaa mezani, na kama unatumia hizo daktari atakueleza. Mpangilio unaofaa kwa wengi ni kuchoma saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kula saa moja, kisha kuchoma saa kumi na mbili na nusu jioni na kula saa moja usiku. Lakini kitabu kinapoandika hivyo, kinadhani kwamba chungu kipo jikoni. Katika nyumba nyingi za Goma chakula cha moto hupikwa mara moja kwa siku, jioni, baada ya mama kurudi kutoka sokoni na kile alichokipata. Mgonjwa anayejichoma alfajiri na kunywa chai tupu, kisha akangoja bugali ya jioni, ataanguka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kwa sababu ile ya haraka itakuwa kileleni wakati tumbo halina kitu, na kabla haijaisha, ile ya polepole itakuwa imekwisha kupanda.

Kwa hiyo kanuni ni hii: usichome mpaka chakula ukione kwa macho yako. Sufuria iwe jikoni na chakula kikaribie kuiva. Ahadi ya mtoto aliyetumwa dukani haitoshi. Kama uji umechelewa, sindano nayo ichelewe pamoja nao. Kuchelewa kwa saa moja hakuleti madhara yanayolingana na kuchoma kisha kukosa kula.

Kama kwako milo ni ya mashaka, mwambie daktari wazi, bila aibu. Najua ni vigumu kutamka mbele ya mtu mwenye koti jeupe kwamba nyumbani mnakula mara moja, na nimewaona wazee wakikubali kwa kichwa mpango ambao walijua hawatauweza. Daktari akijua ukweli anaweza kupunguza dozi ya asubuhi, kubadilisha aina ya insulini, au kupanga upya saa. Asipojua, atapanga dozi ya mtu anayekula mara tatu. Wala usiache sindano kabisa kwa uamuzi wako, hasa kama kisukari chako kilianza utotoni au ujanani, kwa maana mwili wa namna hiyo hautengenezi insulini yoyote na unaweza kuharibika ndani ya siku moja au mbili.

Katikati ya siku kula kitu hata kama ni kidogo: kiazi kitamu kilichochemshwa, ndizi, maharagwe yaliyobaki jana. Kabla ya kulala, hasa kama ulikula mapema au ulifanya kazi nzito, kula kidogo tena, kwa kuwa dozi ya jioni huwa na nguvu katikati ya usiku wakati hakuna anayekutazama. Pombe, iwe bia au kasiksi, hulizuia ini kutoa akiba yake ya sukari, na athari hiyo hufika saa nyingi baadaye, ukiwa usingizini. Mchanganyiko wa pombe, tumbo tupu na insulini ya jioni sina namna ya kuusema kwa upole.

Hatua ya tano: pima, na uandike

Glisemi ya asubuhi kabla ya kula hueleza jinsi dozi ya jioni ilivyofanya kazi, na ile ya kabla ya chakula cha jioni hueleza dozi ya asubuhi. Kama huna vibandiko vya kupimia kila siku, pima nyakati hizo mbili hata siku mbili tu kwa wiki, andika kwenye daftari pamoja na saa na ulichokula, na umpelekee daktari. Kwa watu wazima wengi lengo kabla ya kula ni kati ya 80 na 130 mg/dl, ingawa kwa wazee na kwa wanaoanguka mara kwa mara daktari huliinua. Kipimo kilichotoka nchi nyingine kinaweza kuonyesha mmol/l. Ukiona 5 badala ya 90 usiogope: zidisha kwa 18.

Sukari ikishuka

Glisemi iliyo chini ya 70 mg/dl ni ya chini mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, macho kuona ukungu, maneno kuchanganyika, na hasira isiyo na sababu. Jamaa za mgonjwa huweza kudhani kwamba amelewa au kwamba amepandwa na mapepo, na muda ule wa kubishana ndio unaopotea. Kama huna kipimo, tibu kwanza: kupandisha sukari kidogo bila sababu si kosa kubwa.

Koroga vijiko vidogo 4 vya sukari katika nusu glasi ya maji na unywe, au kunywa cl 15 za soda yenye sukari, yaani nusu ya chupa ndogo. Ngoja dakika 15. Kama dalili hazijaondoka au glisemi bado iko chini ya 70, rudia. Ukipata nafuu, usiishie hapo, kwa kuwa insulini uliyochoma bado ina ile sehemu ya polepole inayoendelea kushusha: kula chakula cha kweli, bugali, mkate au viazi, ndani ya saa hiyohiyo, na upime tena baadaye.

Mgonjwa aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, kwa sababu kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu, mwone kama anapumua, na mpeleke hospitali mara moja kwa chombo chochote kilichopo, mkichukua pamoja naye kichupa cha insulini. Asichomwe insulini nyingine.

Malaria inastahili neno lake. Malaria kali yenyewe hushusha sukari, na kwinini huishusha zaidi kwa kulisukuma kongosho litoe insulini. Mgonjwa wa kisukari anayewekewa kwinini amwambie muuguzi kuhusu sindano zake, na apimwe glisemi mara nyingi usiku na mchana. Homa nyingine, jipu au nimonia kwa kawaida hupandisha. Ukiwa mgonjwa na hamu ya kula imekwisha, kunywa maji mengi, pima kila baada ya saa 3 au 4, na mtafute daktari siku hiyohiyo ili apange dozi. Kutapika kusikokoma, kupumua kwa kina na kwa haraka, harufu ya matunda mdomoni na usingizi mzito ni dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja kesho.

Kuhifadhi

Vichupa ambavyo havijafunguliwa hukaa kwenye frigo, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Kichupa kinachotumika kinaweza kukaa nje ya frigo wiki 4, mahali pasipozidi nyuzi 25 hadi 30. Andika kwenye lebo tarehe uliyokifungua. Anayetumia uniti 24 kwa siku atabakiwa na dawa wiki hizo zikiisha, na mabaki hayo huumiza moyo kuyatupa, lakini nguvu yake haina uhakika tena.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni rafiki wa insulini kuliko ile ya Uvira au Kalemie. Adui ni mabati. Katika nyumba ya mbao, rafu iliyo chini ya paa huwa jiko saa saba mchana, huku pembe ya sakafu nyuma ya kitanda ikibaki na ubaridi. Umeme ukikatika siku nyingi, chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni, weka kichupa ndani kikiwa kwenye kopo lisilopenya maji, na ufunike kwa kitambaa kilicholowa. Maji yanapokauka huondoka na joto.

Sindano zilizotumika zitie ndani ya kibidoni kigumu chenye kifuniko na ukirudishe kituo cha afya. Usizitupe kwenye mawe ya uwanjani ambapo watoto hukanyaga peku.

Mfuko ulio tayari mlangoni

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, lava ya Nyiragongo iliposhuka, watu walitembea gizani kuelekea Sake na Gisenyi na kile walichokishika mkononi. Tangu wakati huo mji umekimbia tena, kwa sababu nyingine. Mgonjwa wa insulini hana ruhusa ya kukimbia mikono mitupu. Tayarisha mfuko mdogo na uutundike mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua: sirenge za wiki mbili, kipimo na vibandiko, pakiti ya sukari, biskuti, chupa ya maji, na kitambaa cha kulowesha na kuzungushia kopo la insulini njiani. Kichupa chenyewe kiwe karibu na mfuko, na mtoto mmoja mkubwa apewe kazi ya kukichukua. Ndani ya mfuko weka karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, iliyofungwa kwenye plastiki: jina lako, aina ya insulini, uniti za asubuhi, uniti za jioni, na tarehe ambayo daktari alizibadilisha mara ya mwisho.